Machozi yananitiririka nikiendesha baiskeli kwenye upepo: ninunue miwani gani?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naishi Ilazo hapa Dodoma na ofisi yetu imehamia Mtumba. Tangu mwaka jana naenda kazini kwa baiskeli, maana presha ilipanda nikaambiwa nifanye mazoezi. Natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na natumia karibu saa nzima. Nikishaiacha mitaa na kushika barabara ya Dar, machozi yanaanza kutiririka mpaka mashavuni, mbele sioni vizuri, na mara mbili nimelazimika kusimama pembeni malori yapite kwanza. Nikifika ofisini macho ni mekundu, yanachoma kama yana mchanga, na wenzangu wanadhani nimetoka msibani. Nina miwani ya kuonea mbali, −1.50 macho yote mawili, lakini upepo unapita pembeni. Nilinunua miwani nyeusi ya elfu saba kwa machinga, haikusaidia. Duka la dawa walinipa matone ya kukausha machozi. Yanatuliza kwa saa moja tu. Rafiki mmoja ananishauri ninunue miwani ya waendesha baiskeli wa mashindano, mwingine anasema ya kuogelea inatosha. Ninunue ipi, nyeusi au nyeupe? Na je, macho yangu yana maji mengi kupita kiasi?"

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa hiyo baiskeli. Mtu aliyeambiwa afanye mazoezi akayafanya mwaka mzima anastahili kusaidiwa asiache.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukishalielewa hilo, miwani utaichagua mwenyewe dukani bila kumtegemea muuzaji. Kwa maelezo uliyonipa, shida ya macho yako si maji mengi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba yanakauka. Najua linasikika kama neno la kinyume, na wagonjwa wengi nikiwaambia hivyo hunionyesha leso iliyolowa wakidhani sijawasikia. Hebu nieleze.

Jicho limefunikwa na utando wa machozi mwembamba sana, takriban milimita 0.003, unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko utando huo zaidi ya mara ishirini. Una sehemu tatu zinazotegemeana. Chini kabisa, ukigusana na jicho, kuna ute unaoyafanya machozi yashike. Juu yake kuna maji. Na juu ya maji kuna tabaka la mafuta, linalotoka kwenye tezi ndogo zilizopangwa kwenye ukingo wa kope, kazi yake kuzuia maji yasikauke haraka. Kila ukipepesa unautandaza utando huo upya. Upepo ukikupiga usoni unaukausha kabla hujapepesa tena, na konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, inabaki wazi kwenye vidoa vidogo vidogo. Konea ina mishipa ya fahamu mingi ajabu. Inapohisi ukavu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo huamuru tezi kubwa ya machozi imwage maji. Yanamwagika mengi na kwa ghafla, ila hayana mafuta na ute wa kutosha, kwa hiyo hayashiki: yanapita juu ya jicho na kuishia shavuni, na pale palipokauka panabaki pakavu. Ndiyo maana unalia na kuchomwa kwa wakati mmoja.

Ungekuja chumbani kwangu ningekuonyesha. Huwa naweka rangi kidogo ya machungwa kwenye jicho, nawasha taa ya bluu kwenye darubini, na machozi yote yanageuka kijani kinachong'aa. Kisha namwomba mgonjwa asipepese. Kwa jicho lenye utando imara, kile kijani hukaa kimetulia sekunde kumi au zaidi. Kwa wengi wanaonijia na malalamiko kama yako, sekunde ya nne au ya tano madoa meusi yanaanza kujitokeza, moja hapa, jingine kule, yanapanuka kama matope ya bwawa yanayoanza kupasuka kiangazi. Hayo ni chumbani, madirisha yamefungwa, hakuna hata feni.

Sasa fikiria barabara yako. Kiangazi Dodoma hewa ni kavu, na upepo mwingi hutokea mashariki na kusini-mashariki. Ilazo kwenda Mtumba unaelekea mashariki. Ukiendesha kilomita 20 kwa saa na upepo nao unakuja kwa kilomita 20, jicho lako linapigwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, na nguvu ya upepo wa 40 ni mara nne ya nguvu ya upepo wa 20. Hapo hapo, mtu aliyekaza macho kuangalia mashimo na malori hupepesa kidogo kuliko kawaida. Kwa kawaida tunapepesa kama mara 15 kwa dakika. Tukikazia macho jambo, idadi inaweza kushuka hadi nusu au chini ya hapo. Jioni ukirudi upepo unakusukuma mgongoni. Chunguza wiki hii: ikiwa machozi ni ya asubuhi zaidi kuliko jioni, utakuwa umeniletea ushahidi mzuri kuliko kipimo chochote cha kwangu.

Kabla ya miwani, yale matone. "Kukausha machozi" ni maneno yanayonitia wasiwasi, kwani jicho lako tayari ni kavu. Chukua kichupa usome kilichoandikwa. Ikiwa ndani kuna nafazolini au dawa ya aina hiyo, kazi yake ni kubana mishipa ya damu ili wekundu upungue. Ikiisha nguvu wekundu hurudi, mara nyingine kuliko ulivyokuwa, nawe unaongeza tone. Ikiwa jina la dawa linaishia na -sone au -lone, hiyo ni steroidi, na hapo naomba uache kuinunua mwenyewe na upeleke kichupa hicho hospitali wakuangalie. Ikiwa umeitumia kwa wiki kadhaa mfululizo nenda upesi, maana wakati mwingine huachishwa kidogo kidogo kwa maelekezo. Steroidi hutuliza jicho vizuri sana, ndiyo hatari yake. Ikitumiwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuonea bila maumivu yoyote, na inaweza kuleta mtoto wa jicho kwa mtu ambaye bado ni kijana. Nimekaa na watu walioipoteza nuru kwa njia hiyo, na hakuna kinachonisikitisha katika kazi hii kama upofu ulionunuliwa dukani kwa nia njema.

Turudi kwenye miwani. Miwani ya upepo kazi yake ni kuwa ukuta, na ukuta unaupima kwa matundu yake. Rangi, jina la kampuni, na bei vinakuja baadaye. Ile nyeusi ya elfu saba ilishindwa kwa sababu ni bapa: uso wa mtu umejikunja kuelekea kwenye panja, fremu bapa haikunjiki nao, basi pembeni unabaki mlango. Upepo unaingia hapo, unazunguka nyuma ya lenzi, na jicho linapigwa kwa ubavuni. Miwani yako ya kuonea mbali ina tatizo hilo hilo, wala hakuna mtu wa kulaumiwa. Haikutengenezwa kwa baiskeli.

Tafuta fremu iliyopinda kuufuata uso, yenye lenzi pana inayofika mpaka panja, inayopanda hadi usawa wa nyusi na kushuka hadi kwenye mfupa wa shavu. Ivae, kisha pitisha ncha ya kidole chako kidogo ukingoni: juu, pembeni, chini. Kidole kikipenya kwa urahisi, upepo utapenya pia. Cheka kidogo. Mashavu yakiiinua fremu, basi ni kubwa mno kwa uso wako, na nywele za kope zikigusa lenzi kila ukipepesa utaichukia baada ya siku mbili. Inama uangalie chini na utikise kichwa, isisogee. Halafu fanya jaribio ninalowafundisha wote: lowesha kidole, pakaza maji kidogo kwenye ngozi ya chini ya macho na kwenye panja, vaa miwani, simama mbele ya feni ya dukani ikiwa kwenye kasi kubwa, macho yakiwa yamefungwa. Utasikia baridi mahali hasa upepo unapoingilia. Geuza kichwa kulia na kushoto, kwa sababu barabarani upepo hauji kutoka mbele tu. Muuzaji akikushangaa mwache ashangae. Na kama unavaa helmeti, nenda nayo dukani, kwani kuna mikono ya miwani inayogombana na mikanda yake na kuinua fremu nzima.

Kuna miwani yenye ukingo wa sponji ndani unaoziba mwanya kabisa. Kwa jicho kavu sana ndiyo kinga bora, lakini ina gharama yake: ukungu. Joto na jasho la uso vinatoa mvuke, mvuke unagonga lenzi yenye baridi, na usiposogea hakuna hewa ya kuufagia. Ningekuwa namwandikia mtu wa Tanga au Dar wakati wa masika ningemtahadharisha sana. Kwa hewa kavu ya Dodoma ukungu hautakusumbua mara nyingi, isipokuwa zile asubuhi za baridi za Juni na Julai unaposimama kwenye taa au kupanda mlima polepole. Chagua yenye matundu madogo ya hewa juu au pembeni ya sponji, na sponji iwe ya kutoa na kuosha, la sivyo jasho na vumbi vitageuka uchafu unaokaa karibu na jicho.

Miwani ya kuogelea hapana. Inaziba upepo, sikatai, lakini inabana uwezo wako wa kuona pembeni, na lori linakuja kutoka pembeni na nyuma. Tena inashika ukungu haraka, na ukianguka vikombe vile vigumu vinasukumwa ndani ya tundu la jicho.

Usiku au mchana, lenzi iwe ya polikaboneti, ile plastiki ngumu. Haipasuki vipande kama kioo, na kokoto iliyorushwa na tairi la lori inaweza kulipasua jicho. Hapa nikupe siri ya bei nafuu: miwani ya usalama wanayovaa mafundi wa kukata vyuma, ile nyeupe iliyopinda, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na nyingi ni za polikaboneti. Tafuta alama ya kiwango cha usalama, EN 166 au Z87+, iliyochapwa kwenye lenzi au kwenye mkono. Haina urembo, lakini kwa upepo naiweka mbele ya miwani nyingi za mashindano, ambazo nyingine zimeachiwa mwanya makusudi ili mtu anayetoka jasho jingi apate hewa.

Nyeusi au nyeupe? Giza la lenzi na kinga dhidi ya miale ya urujuanimno ya jua ni vitu viwili tofauti. Lenzi nyeupe ya polikaboneti huzuia karibu miale hiyo yote. Lenzi nyeusi ya plastiki hafifu inaweza kuzuia kidogo tu, na kwa kuwa nyuma yake ni giza, mboni inapanuka na kuikaribisha miale ndani zaidi. Alama ya UV400 ni nzuri, ila alama huchapwa na yeyote. Maduka mengi ya miwani yana kifaa kidogo cha kupima, omba wakupimie. Giza lenyewe hugawanywa kwa namba kuanzia 0 hadi 4. Namba 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, inafaa jua kali la mchana. Namba 4 haifai kwa dereva yeyote, na nakusihi usiivae barabarani.

Wewe unatoka jua ndiyo kwanza linachomoza, tena linachomozea usoni pako, na jioni linazama mbele yako tena. Wakati mwingine, nadhani, kazi inakuchelewesha ukarudi giza limeingia. Kwa ratiba hiyo, kama fedha inatosha miwani moja tu, nunua nyeupe. Shida yako ni upepo, na upepo upo saa zote. Jua utalipunguza kwa ukingo wa kofia nyembamba chini ya helmeti. Fedha ikiruhusu, lenzi zinazobadilika rangi juani zinapendeza kwa safari za namna yako, ingawa ujue kwamba kwenye joto kali hazikolei sana, na kurudi kuwa nyeupe huchukua dakika kadhaa. Zile za kukata mng'ao wa lami zinapumzisha macho mchana, lakini zinaweza kuficha maandishi ya simu na mng'ao wa oili iliyomwagika barabarani, ambao wewe ungependa kuuona.

Bado hatujagusa namba zako. Kwa −1.50, ukivua miwani kila kilicho mbali zaidi ya sentimita 67 hivi kinaanza kufifia. Usije ukaendesha kwenye barabara ile bila marekebisho hayo kwa sababu tu umepata miwani nzuri ya upepo. Anza na njia rahisi: miwani ya usalama ya umbo kubwa inayovaliwa juu ya miwani yako ya kawaida. Nenda dukani ukiwa umevaa ya kwako na ufanye jaribio la feni zikiwa zote mbili usoni. Itumie mwezi mzima. Ikikufaa, na ukiona baiskeli ni ya kudumu, tengeneza miwani iliyopinda yenye namba zako ndani. Kwa −1.50 inawezekana vizuri, mradi fundi azirekebishe namba kulingana na mpindo wa fremu. Akikata lenzi kama za fremu ya kawaida, pembeni vitu vitapinda na kichwa kitauma. Muulize wazi kama anafanya hesabu hiyo. Akisita, tafuta mwingine. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho sikushauri kwa sasa: zinahitaji machozi ya kutosha, na punje ya vumbi ikinaswa chini yake kilomita saba kutoka nyumbani utajua hujui.

Miwani itazuia upepo, lakini utando dhaifu unabaki wako. Jioni chovya taulo safi kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, likamue, liweke juu ya macho yaliyofungwa kwa dakika tano hadi kumi, ukilipasha tena likipoa. Kisha kanda kope taratibu kuelekea kwenye ukingo. Yale mafuta yaliyoganda ndani ya tezi yanalainika na kutoka. Fanya kila siku kwa wiki tatu kabla ya kuhukumu. Asubuhi, dakika kumi hivi kabla ya kupanda baiskeli, tone moja la machozi bandia, mfano yenye hipromelosi, na jingine ukifika. Ukihitaji zaidi ya mara nne kwa siku omba yasiyo na kihifadhi. Usikae mbele ya kiyoyozi cha ofisi kinachokupulizia usoni. Na kwa kuwa umetaja presha: baadhi ya dawa za presha, hasa za kukojoza, na dawa nyingi za mafua na mzio, zinaweza kuongeza ukavu. Usiache dawa ya presha kwa sababu ya macho. Mwambie anayekutibu, anaweza kuwa na nyingine.

Kuna jambo moja ambalo miwani yoyote haitaligusa, nami nisingekuwa mkweli nisipolitaja kwa mtu wa Dodoma. Ikiwa ulikulia vijijini katika mkoa huu, Singida, au maeneo mengine makavu ya kati, huenda utotoni ulipata trakoma, yaani vikope. Kongwa, palepale jirani, watafiti wa macho wamekuwa wakiifuatilia kwa miongo kadhaa. Ugonjwa wa utotoni huacha makovu ndani ya kope, na miaka mingi baadaye kope hujikunja na nywele zake kuanza kukwaruza konea. Mtu anasema "upepo unaniumiza", kumbe kila akipepesa anajipiga deki kwa nywele zake mwenyewe. Simama kwenye mwanga wa dirisha na kioo, vuta kope kidogo, uone kama kuna nywele zinazoelekea ndani. Ukiziona usizing'oe kwa kibanio cha nyumbani. Nenda hospitali, marekebisho yake ni upasuaji mdogo na huokoa jicho.

Nenda pia bila kusubiri ikiwa jicho linauma na si kuchoma tu, ikiwa mwanga unakuumiza, uoni umepungua hata ukipepesa, unaona doa jeupe kwenye mboni, au kitu kimeingia na hakitoki kwa kuosha na maji safi. Usikubali maziwa, asali, wala utomvu wa mmea wowote. Machozi ya jicho moja tu, hata ukiwa ndani ya nyumba, yanaweza kuwa mrija wa machozi ulioziba. Kinyama kinachotambaa kutoka kwenye weupe kuelekea mboni hupendwa na jua, vumbi, na upepo, na kinahitaji kuangaliwa mapema kabla hakijafika katikati. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, jipe wiki tatu za miwani, taulo, na machozi bandia, kisha uje upimwe vilevile, hata ukiwa umepata nafuu. Ukiwa na miaka 41 na presha, nyuma ya jicho panafaa kuangaliwa kila mwaka.

Na ukishainunua, usiifute kwa shati ukifika Mtumba. Vumbi la barabara ile ni mchanga, na polikaboneti huchubuka upesi. Imwagie maji kwanza mchanga uondoke, tone la sabuni ya vyombo kwa vidole, suuza, ndipo uikaushe kwa kitambaa laini cha pamba.